Nyasi za Kivulini: Somo Nililolipata Sugar Land

Niko Sugar Land, kusini-magharibi mwa Houston. Wengi wetu tulizijua nyasi shuleni kwa kuzifyeka, na mimi nilidhani sina jipya la kujifunza juu yake. Nikiwa mwaka wa pili wa kusoma mimea, mjomba ninayekaa kwake akaniambia, "Mpwa wangu, wewe si msomi wa majani? Basi nioteshee nyasi chini ya ule mwaloni." Mti wenyewe ni mkubwa, kivuli mchana kutwa. Nikanunua vipande vya ukoka, nikavitandika na kumwagilia. Vikawa njano. Nikarudia, vikafa tena. Mjomba hakusema kitu, ila fedha zilikuwa zake na aibu ilikuwa yangu.

Kwa nini ukoka ulikufa? Ukoka, ambao Wamarekani huuita nyasi za Bermuda, uko Afrika tangu zamani na ni mtoto wa jua. Kama muwa na mahindi, unatumia njia ya usanisinuru iitwayo C4: hukusanya kabonidayoksaidi na kuisukuma kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani. Kazi hiyo hula nishati ya ziada. Penye joto na jua kali gharama hurudi na faida juu. Muwa ulistawi hapa kiasi kwamba mji ukapewa jina la sukari, ingawa kiwanda cha Imperial Sugar kilifungwa mwaka 2003. Lakini kivulini mapato ya mwanga ni madogo. Mimi nilizidisha maji, kumbe ukoka ulikuwa na njaa ya mwanga!

Jibu lilikuwa kwenye misitu ya kando ya mito. Huko huota nyasi ya asili ambayo wenyeji huiita "inland sea oats". Kisayansi ni Chasmanthium latifolium. André Michaux aliieleza mwaka 1803 akiiweka katika jenasi ya Uniola, pamoja na nyasi za fukweni. Mwaka 1966 Yates akaihamishia jenasi ya sasa. Hupatikana mashariki na kati ya Marekani hadi kaskazini mwa Mexico.

Utaitambuaje? Kwanza, urefu wake ni kama sentimita 60 hadi 120, na majani ni mapana, yanafaa kukinga mwanga kidogo unaopenya. Pili, vishuke vyake ni bapa kana kwamba vimepigwa pasi, vinaning'inia kwenye vikonyo vyembamba. Kiangazi ni vya kijani, vuli hugeuka rangi ya shaba. Tatu, ukikichambua kiua kwa kioo cha kukuzia utakuta stameni moja tu, wakati nyasi nyingi zina tatu.

Njia yake ya usanisinuru ni C3, kama ya mpunga na ngano. Haina ile gharama ya ziada, na penye kivuli na unyevu hasara zake hupungua. Tena ni ya kudumu: mashina ya juu hukauka wakati wa baridi, lakini chini ya udongo kuna shina fupi linalotambaa, mfano wa tangawizi, na machipukizi hutoka humo majira ya kuchipua. Mashina hayo na mizizi hushika udongo usichukuliwe na mvua.

Tahadhari moja: mbegu zake huanguka na kuota ovyo. Usipotaka zisambae, kata mashuke kabla hayajakomaa.

Basi nikapanda miche michache kutoka kitalu cha mimea ya asili. Usichimbe porini, hasa kwenye hifadhi. Mwaka uliofuata chini ya mwaloni kulikuwa kijani, bila kumwagilia kila siku. Nawe ukiombwa kupanda nyasi, kabla ya kufungua pochi simama pale saa sita mchana uone jua linafika wapi.

Mjomba sasa anawaonyesha wageni yale mashuke. Anawaambia ni mpunga wake, nami simkatalii.