Uliwahi Kupasuliwa Tumbo? Jua Dalili za Utumbo Kujisokota

Mkaazi aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo, uwe wa kujifungua, wa apendiksi, wa henia au wa jeraha la ajali, anafaa kujua jambo ambalo mara nyingi halielezwi vya kutosha siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Utumbo unaweza kuziba au kujisokota baadaye, wiki chache tu au hata miaka 20 baada ya upasuaji.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 6, na kwa kawaida huteleza kwa urahisi ndani ya tumbo. Baada ya upasuaji, mwili unapojiponya hutengeneza nyuzi za kovu zinazoweza kugandisha utumbo kwenye ukuta wa tumbo, au kipande kimoja na kingine. Wengi huishi na nyuzi hizo bila taabu yoyote. Hatari huja kipande cha utumbo kinapojizungusha kwenye uzi kama huo, mfano wa mpira wa kunyunyizia maji shambani unapojikunja. Chakula na hewa havipiti. Mkunjo ukikaza zaidi, damu nayo haipiti, na utumbo uliokosa damu huanza kufa ndani ya saa chache.

Maumivu yake huja na kuachia kama ya uchungu wa uzazi. Tumbo hufura, mgonjwa hutapika, mara nyingi matapishi ya kijani, na hapati choo wala kutoa hewa. Maumivu yakiacha kupoa na kuwa ya mfululizo, pamoja na homa, moyo kwenda mbio au tumbo kuwa gumu, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Hapa Eldoret, tumbo likiuma, kinachotajwa kwanza ni amiba, taifodi au vidonda vya tumbo. Chukua mama wa mtaa wa West Indies aliyejifungua kwa upasuaji miaka minne iliyopita. Akianza kutapika usiku, huenda akanunua vidonge kwenye duka la dawa la jirani, na kesho yake, kwa kuwa hajaenda choo, akapewa dawa ya kuharisha. Dawa hiyo husukuma utumbo dhidi ya mlango uliofungwa. Enema ya nyumbani na mitishamba pia ziachwe, na mgonjwa asilishwe chochote kabla ya kuonwa na daktari.

Wengine huchelewa kwa kuogopa kisu cha pili. Inaeleweka, lakini si kila anayefika hospitalini hupasuliwa. Mgonjwa hupigwa eksirei, huwekewa dripu na mpira mwembamba wa puani wa kutoa maji ya tumboni. Palipo na nyuzi za kovu tu, bila dalili za kukosa damu, wengi hufunguka wenyewe ndani ya siku 2 au 3. Anayechelewa ndiye hukatwa kipande cha utumbo.

Hospitali za Huruma, Ziwa, Burnt Forest na Turbo zinaweza kumpokea mgonjwa, kumwanzishia dripu na kumpa rufaa. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyo Barabara ya Nandi, ina madaktari wa upasuaji. Beba kitambulisho, karatasi ya kuruhusiwa ya upasuaji wa awali, na umwonyeshe daktari kovu hata asipouliza.