Mfuatano wa Viunganishi na Vielezi katika Kiswahili cha Mazungumzo: Mifano kutoka Nanganga

1.0 Utangulizi

Ni kawaida katika ufundishaji wa sarufi mashuleni kuyaweka maneno na, lakini, au, ila, halafu, kisha na hata hivyo chini ya kichwa kimoja cha viunganishi. Uainishaji huo una matokeo yanayoonekana. Mwanafunzi anapoandika na halafu au lakini hata hivyo, maneno hayo huchorewa mstari mwekundu na kuandikiwa pembeni kuwa ametumia viunganishi viwili mahali pa kimoja. Mwandishi wa makala haya amepitia insha nyingi zilizopunguziwa alama kwa sababu hiyo, na anakiri kwamba katika miaka yake ya mwanzo ya kufundisha naye aliichora mistari hiyo.

Hoja ya makala haya ni kwamba mfuatano huo si urudufu. Neno la kwanza ni kiunganishi, la pili ni kielezi, na kila moja lina kazi yake. Mifano imejengwa juu ya mazungumzo ya kawaida ya Nanganga, penye njia panda ambapo barabara ya Ruangwa huachana na ile itokayo Mingoyo kwenda Masasi. Hapo Kiswahili hutumiwa na wasemaji wa Kimwera, Kimakonde, Kiyao na Kimakua, na watu wakisubiri gari huzungumza bila kuiwazia sarufi. Alama ya nyota inaonyesha muundo usiokubalika.

2.0 Mpangilio wa maneno

Tuanze na jambo lililo wazi:

(1) a. Alishuka Nanganga na halafu akapanda gari la Ruangwa.
b. *Alishuka Nanganga halafu na akapanda gari la Ruangwa.
(2) a. Tumengoja tangu asubuhi lakini bado gari halijafika.
b. *Tumengoja tangu asubuhi lakini na gari halijafika.

Katika (1) mpangilio haugeuziki. Katika (2b) viunganishi viwili vya vishazi vimekaa pamoja na sentensi imevunjika. Kama halafu na bado vingekuwa viunganishi sawasawa na na, basi (1a) na (2a) zingevunjika vilevile. Msomaji anaweza kupinga kwa kutaja sentensi kama Halafu na wewe uje, ambamo na inafuata halafu. Lakini hapo na haiungi vishazi. Imeshikamana na kiwakilishi wewe, kama ilivyo katika hata na wewe, na kirai hicho chote ndicho kiima cha uje. Iondoe nomino au kiwakilishi, na mfuatano huo haukubaliki tena.

Kipimo kingine ni uhamaji. Bado huweza kusogea ndani ya kishazi chake: lakini gari bado halijafika, lakini gari halijafika bado. Au haisogei hata hatua moja.

Kiingereza nacho kina desturi hiyo. "And then", "but still" na "or else" ni semi za kila siku, na hakuna anayeziona kuwa kosa, ilhali "and but" haisemwi. Hiyo "or else" inalingana vizuri na au sivyo yetu, ambamo sivyo ni kikanushi si pamoja na -vyo ya namna: Ondoa mzigo njiani, au sivyo utakanyagwa. Kazi ya kielezi hapo haina utata.

3.0 Na halafu ya lawama

Hapa ndipo penye utamu wa suala hili. Barabara itokayo Mingoyo hupita Mtama kwanza, kisha Nyangao, kisha Nanganga, ndipo ifike Ndanda. Tuchukue maneno ya mama mtu mzima anayemkabili kondakta wa basi lililompitisha kituo chake:

(3) Wewe mwanangu, nilikuambia nashuka Nanganga. Umenipitisha mpaka Ndanda, na halafu mzigo wangu umeuacha Mtama.

Mzigo uliachwa Mtama kabla basi halijafika Nanganga, seuze Ndanda. Tukio linalotanguliwa na halafu ndilo lililotokea mwanzo. Kwa hiyo halafu hapa haipangi matukio kwa wakati, inapanga mashtaka. Ukiweka baadaye mahali pake, sentensi inakuwa ya uongo. Linganisha na hii:

(4) Alinipitisha mpaka Ndanda, na halafu akaniachia mzigo wangu njiani.

Katika (4) hakuna msikilizaji atakayedhani kuwa mzigo uliachwa kwanza. Tofauti imebebwa na njeo. Ashton (1944) alikwisha kuonyesha kuwa -ka- hueleza tendo linalofuata jingine. Halafu ya wakati huandamana na -ka- bila taabu. Halafu ya lawama huikataa, nayo huchagua -me-, -li- au -na-, kwa kuwa kila shtaka linasimama peke yake. Mtafiti anayetaka kuzitenganisha halafu hizi mbili katika matini atazame kitenzi kwanza.

Sasa turudi kwa mwalimu na kalamu yake nyekundu. Akifuta halafu katika (3) na kubakiza na mzigo wangu umeuacha Mtama, sentensi itabaki sahihi, ila makosa mawili ya kondakta yatakuwa sawa kwa uzito. Halafu ndiyo inayolifanya la pili kuwa nyongeza juu ya la kwanza, kama mtu anayesema kuwa hilo la kwanza pekee lingetosha. Hicho ndicho kilichofutwa.

Na bado ina tabia ya namna hiyo. Amelipwa lakini bado analalamika ni maelezo ya mambo mawili yanayopingana. Amelipwa na bado analalamika ina karipio ndani yake, ingawa kiunganishi chenyewe hakina maana yoyote ya upinzani. Tena Na bado! husimama peke yake kama tamko zima, kwa maana kwamba mengine yanakuja.

4.0 Tatizo la lakini

Ingekuwa vyema kama mpaka kati ya aina hizi mbili ungekuwa ukuta. Lakini inatukatalia. Husemwa Mimi lakini sikumwona, na pia Nilimwambia lakini, neno likiwa mwisho kabisa wa usemi. Kwa kipimo cha uhamaji, hiyo ni tabia ya kielezi. Vilevile tunasema Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja, na sentensi hiyo haimshtui msemaji wa Kiswahili. Kiingereza sanifu hakiruhusu "although" na "but" kuandamana hivyo, na walimu wa Kiingereza nchini wanalijua kosa hilo kwa wanafunzi wao. Mwanafunzi huyo hakosei kwa uzembe. Anahamisha lakini ya lugha yake, ambayo katika kishazi cha pili inafanya kazi iliyo karibu na ya hata hivyo.

Asili ya neno inatusaidia. Katika Kiarabu, lakin mara nyingi hutanguliwa na wa, yaani "na", na mfuatano huo mzima ndio uliotupatia walakini, ambayo leo pia ni nomino yenye maana ya dosari. Wala nayo imetokana na wa pamoja na kikanushi la. Maneno mawili yaliyokuwa yakifuatana yameganda yakawa moja, na hakuna mwalimu anayeyafuta kwa madai kuwa yana viunganishi viwili. Kinachotokea kwa na halafu katika midomo ya wasafiri wa Nanganga, wanaoitamka kwa pumzi moja na mara nyingi wakiimeza h, ni hatua ya awali ya njia hiyohiyo.