Jirani Akichukuliwa na Polisi: Kazi ya Mtaa Katika Saa 24 za Kwanza

Mtu akikamatwa usiku Kayole au Kisauni, familia huwaza pesa kwanza. Simu hupigwa kwa shangazi na wajomba, na kabla ya alfajiri kuna mtu kwenye kaunta ya kituo ameshika noti mfukoni. Kinachohitajika kabla ya pesa ni majirani wawili au watatu wanaojua sheria inasemaje na walio tayari kuandamana na familia hadi kituoni.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 hakina utata. Aliyekamatwa aambiwe upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Ana haki ya kunyamaza, na ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji. Afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Saa hizo zikiishia usiku au siku ambayo mahakama haiketi, muda husogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala seli hadi Jumatatu, na ndiyo maana Ijumaa jioni huogopwa mitaani.

Mnapoona mtu akichukuliwa, mmoja aongee na wengine waandike. Anayeongea aulize kwa heshima, kwa sauti ya kusikika: "Afande, mnampeleka kituo gani, na kwa kosa gani?" Wanaoandika wachukue saa, mahali, namba ya gari, na kama waliomchukua walivaa sare au nguo za kiraia. Waandike pia majina ya walioshuhudia. Msivutane na polisi wala msirushe mawe. Kumzuia polisi kazini ni kosa, na mkikamatwa nyote hakuna atakayebaki kumfuatilia yule wa kwanza.

Baadaye nendeni kituoni, nanyi muulize namba ya OB. OB ni kitabu ambamo matukio ya kituo huandikwa, na aliyekamatwa anapaswa kuwamo. Mkiambiwa "hayupo hapa", msirudi nyumbani. Andikeni nani amewajibu hivyo na saa ngapi, kisha mwende kituo cha jirani mkaulize hivyo hivyo. Karatasi hiyo yenye majibu ya "hayupo" inaweza kuonekana haina maana usiku ule, lakini asubuhi wakili ataihitaji kuliko kitu kingine chochote.

Tuliliona hilo mwaka 2024. Mwezi Agosti wanaume watatu walichukuliwa Kitengela na watu wasiojulikana. Chama cha Mawakili cha Kenya kilikwenda Mahakama Kuu kuomba waletwe mbele ya jaji. Gilbert Masengeli, aliyekuwa Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, aliagizwa afike mwenyewe kueleza waliko. Hakufika, na Septemba 13 Jaji Lawrence Mugambi akampa kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama. Wiki moja baadaye wanaume wale wakapatikana wakiwa hai. Masengeli alifika mahakamani baadaye na adhabu ikaondolewa. Ombi la namna hiyo huhitaji maelezo ya waliokuwapo: nani alichukuliwa, wapi, saa ngapi, kwa gari gani. Kifungu cha 25 cha Katiba kinasema haki ya kuomba mtu aletwe mahakamani haiwezi kuwekewa mipaka hata kidogo.

Wala msidhani milango ya mahakama ni ya wenye mali. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki za mwenzake asiyeweza kujitetea, na hakuna ada ya kufungua kesi hiyo. Kanuni za 2013 za kesi hizo zinaruhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida, au ombi la mdomo.

Kuhusu pesa, bondi ya polisi hailipiwi. Ni ahadi ya kurudi siku iliyotajwa. Ikiwa ni dhamana ya pesa taslimu, ombeni risiti rasmi papo hapo. Anayekataa kuandika risiti hajapokea dhamana.

Mtu akitoka na majeraha, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, karatasi za matibabu zitunzwe na fomu ya polisi ya P3, ya kuthibitisha majeraha, ijazwe. Malalamiko dhidi ya polisi hupokelewa na IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011, nayo huchunguza vifo na majeraha mabaya yanayosababishwa na polisi. Vituo vya haki vya mitaani, kama kile cha Mathare na cha Dandora, husindikiza familia katika hatua hizi. Mombasa yapo mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa.

Maandalizi yafanywe kabla ya shida. Ikiwa mtaani kuna chama cha akina mama, tayari kina katibu, daftari na siku ya kukutana, kwa hiyo hakuna haja ya kuunda kamati mpya. Mkutano ujao tengeni nusu saa: chagueni watu watatu watakaokwenda kituoni usiku wowote, mwandike nyuma ya daftari namba za wakili, za kituo cha haki na za IPOA, na kila mwanachama aondoke na nakala yake.