Kuhama Mji kwa Kutaka Maisha Mapya: Somo kwa Anayeuelekea Mto Tana

Somo hili limetokana na swali tuliloulizwa katika darasa letu baada ya sala ya Isha.

Ndugu mmoja wa darasa hili, fundi wa kushona nguo, mwenye mke na watoto wanne, alitueleza kwamba maisha ya mjini yamemlemea. Kodi ya nyumba na ya kibanda hupanda kila mara, mitumba imemnyang'anya wateja, na deni la vitambaa limemfanya apite vichochoroni ili asionane na wanaomdai. Amepata habari ya kiwanja kinachouzwa kwa bei nafuu karibu na Garsen, kando ya Mto Tana. Amekusudia kuuza fungu lake katika nyumba ya urithi, anunue kiwanja hicho, na aanze maisha upya. Akatuuliza: "Mashekhe wangu, niende au nisiende?"

Hatukumjibu usiku ule. Miaka kadhaa nyuma ndugu mwingine alitujia na swali kama hilo, nasi tukamjibu upesi kwa kumtajia fadhila za kusafiri katika kutafuta riziki. Akaenda, akajenga banda lake karibu na maji, na mafuriko ya 2018 yakaja yakachukua banda, mbegu na kuku wake. Alirudi mikono mitupu wala hakutulaumu, lakini sisi twajilaumu. Tulimpa nusu ya mafunzo ya dini, nayo ni kutegemea. Tukamnyima nusu ya pili, nayo ni kumfunga ngamia kwanza. Basi safari hii tuliona yatupasa tulichungue jambo kabla ya kulitolea neno.

KUHAMA SI AIBU

Wako watu wanaomwona anayehama kuwa ni mtoro, na husema, "Mkataa kwao mtumwa." Methali hiyo ni ya kweli kwa anayewadharau watu wake, haimhusu anayeondoka kwa dhiki huku akiwaheshimu. Qurani, katika Sura ya An-Nisaa, imewalaumu waliokubali kudhulumiwa katika nchi yao ilhali ardhi ya Mwenyezi Mungu ni kunjufu. Maswahaba walihamia Habasha, kisha Madina, wala hakuna aliyewavunjia heshima kwa hilo.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Witu, mji ulioko katika njia ya Garsen na Lamu, ulikuwa makao ya waliotaka kuanza upya. Sultani Ahmad wa ukoo wa Wanabahani wa Pate, aliyejulikana kwa jina la Simba, aliweka makao yake pale katika karne ya 19 alipoyakimbia majeshi ya Sultani wa Unguja, na watoro wa utumwa wakapata hifadhi huko. Mji ule ulisimama mpaka Waingereza walipoushambulia na kuuchoma mwaka 1890. Basi nchi hii ya Tana ina mazoea ya kupokea wageni, ila kila mgeni ameipata kwa masharti yake.

KUCHAGUA SI KUPINGA KADARI

Wengine husema, "Riziki ni moja, popote uendapo itakufuata, ya nini kuchagua?" Hao na wajifunze kwa Sayyidna Umar. Alipokuwa safarini kwenda Sham alipata habari kwamba kuna tauni. Akawataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akakata shauri kurudi. Abu Ubaida akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mtu aliyefika na ngamia wake katika bonde lenye upande wenye majani na upande mkavu: akiwalisha huku au akiwalisha kule, kote ni kwa kadari. Lakini mwenye akili huwapeleka penye majani.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza, kuchagua mahali ni katika ibada ya akili. La pili, Umar aliuliza watu wenye ujuzi, hakupigiwa ramli. Twasikitika kusema kwamba hata leo wako watu wa miji yetu ambao kabla ya kuhama humwendea mwenye bao awaangalizie nyota, huzika hirizi katika pembe za kiwanja, na mambo yakiharibika husema wamefanyiwa hasada. Mchinje mbuzi saba juu ya kiwanja kilichoko katika njia ya maji. Maji yakija hayatauliza habari ya mbuzi. Aliyeruhusiwa kwetu ni mshauri mwenye ujuzi, na sala ya Istikhara baada ya kushauriana.

Sasa tutaje mambo manne ambayo anayeuelekea mto ule hana budi kuyauliza.

LA KWANZA: MAJI

Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Hutoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukateremka mpaka bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mvua inyeshayo mlimani huwafikia watu wa Garsen hata kama mbingu yao haina wingu. Juu ya mto kuna mabwawa ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na yanapofurika, maji yake huwateremkia watu wa chini. Mafuriko makubwa yamekumbukwa mwaka 1961, tena 1997, tena 2018, tena 2023 na 2024. Mafuriko ya 1997 yalivunja kuta za mradi mkubwa wa mpunga uliokuwa katika delta.

Wenyeji hawayachukii maji hayo yote. Mpokomo hupanda mpunga, mahindi na migomba yake kwa rutuba inayoletwa na mto; pasipo mafuriko ya kadiri, ardhi ile ingekuwa jangwa. Lakini mwenyeji anajua palipo pa kulima na palipo pa kulala. Mgeni huja wakati wa kiangazi, akaona uwanda mkavu, sawa, wenye udongo mweusi mzuri, akauziwa kwa bei nafuu, asijue kwamba anauziwa kitanda cha mto. Basi usinunue kiwanja cha bondeni kabla ya kukiona katika masika, na uwaulize wazee maji yalifika mti gani mwaka 1997 na mwaka 2024. Sehemu za juu zilizo karibu, kama Minjila kwenye njia panda, ni salama zaidi kwa makao kuliko ukingo wa mto.

LA PILI: WATU NA HAKI ZAO

Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba watu ni washirika katika mambo matatu: maji, malisho na moto. Mahali pa kuielewa hadithi hii vizuri ni pale Tana. Wapokomo ni wakulima wa kingo za mto. Waorma na Wawardei ni wafugaji, na wakati wa ukame ng'ombe wao hawana pengine pa kunywa ila mtoni. Njia za kuteremshia mifugo kwenye maji huitwa malka. Malka ikizibwa kwa shamba, mfugaji huona ameuawa. Na shamba likikanyagwa na ng'ombe, mkulima huona hivyo hivyo. Wazee wa Gasa kwa Wapokomo na wazee wa Matadheda kwa Waorma walikuwa wakiyapatanisha haya tangu zamani.

Upatanisho huo uliposhindwa, tuliona yaliyotokea. Kuanzia Agosti 2012 hata Januari 2013 vijiji vilishambuliwa na kuchomwa, miongoni mwao Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao, na watu zaidi ya mia wakauawa, wake kwa watoto. Miongoni mwa waliouawa na waliouana mlikuwa na Waislamu kwa Waislamu. Msiba huu haufai kusahauliwa, wala haufai kumfanya mtu awaogope watu wa Tana, ambao siku nyingi huishi, huuziana na huoana kwa wema. Lakini mgeni ni juu yake kuuliza: kiwanja hiki kimo katika malka? Kilikuwa cha nani? Nani atakasirika nikikizungushia ua?

Tena kuna hukumu ya ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya nchi ile imekuwa ni ardhi ya jamii, na kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 mtu mmoja hana haki ya kuiuza kwa hiari yake, hata akikuandikia karatasi mbele ya mashahidi kumi. Na Mtume (S.A.W.) amemwonya anayechukua hata shubiri moja ya ardhi kwa dhulma kwamba atavishwa ardhi saba siku ya Kiyama. Usiseme, "Mimi nimenunua, dhambi ni ya aliyeuza." Ukijua au ukiacha kujua kwa makusudi, mna fungu lako. Nenda ofisi ya ardhi ulitazame daftari, nenda kwa chifu, kisha kaa na wazee wa pande zote mbili unywe chai yao. Bei nafuu isiyoulizwa ndiyo ghali kuliko zote.

LA TATU: RIZIKI

Abdurrahman bin Auf alipofika Madina hana kitu, ndugu yake Saad bin Rabii alimtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akamwambia amwonyeshe soko liko wapi. Hakuuliza kiwanja wala nyumba. Akaanza kwa kuuza na kununua vitu vidogo, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri.

Kinyume chake ni wale waliohamia penye ahadi za mtu mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 familia kutoka pembe nyingi za Kenya zilipelekwa Bura, juu ya mto huu huu, zikalime pamba katika mashamba ya kumwagilia. Maji yalivutwa kwa pampu za mafuta. Gharama zikazidi, mashine zikaharibika, na kabla ya miaka kumi kutimia mashamba mengi yakakauka na watu wakabaki katika nyumba za mradi bila kazi. Huko Hola, mwaka 1989, mto wenyewe ulihama mkondo wake na kuuacha mradi bila maji. Miradi hiyo ilifufuliwa baadaye, lakini miaka ya watu haifufuliwi.

Basi fundi wetu na ajiulize: Garsen ina soko la kazi yangu? Ni mji ulio katika njia kuu, kiasi cha kilomita 110 kutoka Malindi. Magari ya Lamu na ya Hola hupita, na barabara ya Lamu imetiwa lami miaka hii ya karibuni. Sare za shule hushonwa, kanzu na madera huvaliwa. Lakini mafundi wako wangapi tayari? Mvua ikikata njia, vitambaa vitafikaje? Haya hayajuliwi kwa kukaa barazani Mombasa.

LA NNE: UNACHOKIACHA NYUMA

Hili ndilo lililo zito kuliko yote. Mji mpya haumfuti mtu deni. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiuliza, akiletewa maiti, kama ana deni, na alipata kukataa kumsalia mwenye deni mpaka Swahaba mmoja alipolichukua. Anayehama usiku kwa kuwakwepa wanaomdai hakuhama. Ametoroka, na deni litapanda gari pamoja naye. Na anayetangulia huku akimwacha mke na watoto bila posho, akisema atatuma "mambo yakinyooka", amewabebesha wanyonge gharama ya matumaini yake. Wala fungu la nyumba ya urithi lisiuzwe kwa pupa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

TULIYOMJIBU

Baada ya kuyatafakari haya tulimwita ndugu yetu tukamwambia: Hatukukatazi. Lakini usiuze na usinunue mwaka huu. Nenda kwanza kwa wanaokudai, mchana, ukae nao mpatane malipo ya kidogo kidogo. Wawili katika sisi tutafuatana nawe. Kisha nenda Garsen na cherehani yako moja, upange chumba, ushone miezi sita, masika yamo ndani yake. Tuma posho nyumbani kila wiki. Sali na watu wa msikiti wa hapo, na utoe salamu kwa asiyekuwa wa dini yako vilevile kwa wema. Ukiona riziki na ukawaona majirani, ndipo uulize habari ya kiwanja, nawe utakuwa umejua pa kuuliza.

Alinyamaza kitambo, akasema, "Nilidhani mtanisomea dua tu." Tukamwambia dua tutasoma, na tukaisoma.

Katika wiki ile alikwenda kwa wanaomdai. Mmoja alimfokea, wawili walimpa muda. Ameondoka baada ya sala ya Ijumaa, na cherehani juu ya gari. Kama atakaa au atarudi, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Lakini safari hii, akirudi, atakuta nyumba ya kurudia, na njia kuu za mji atazipita mchana.

Nasi twamwomba Mola awape wanaohama makao mema, awape wenyeji wao moyo wa Ansari, na awaepushe watu wa Mto Tana na shari ya maji na ya wanadamu. Amin.