MAFUNZO YA NEPI ZA KITAMBAA

Najua wako watakaocheka wakiona kichwa cha habari hii, hasa wenzangu wa bwenini, ambao hudhani kwamba nepi ni mambo ya akina mama tu, wala si jambo la kuandikwa na kijana wa kidato cha sita. Wacheke, lakini wakumbuke kwamba kila mmoja wao alivishwa nguo hiyo, na kwamba si miaka mingi baadhi yao wataitwa baba. Wakubwa wetu waliokwisha kuondoka shuleni hapa hawatacheka, maana wengi wao wamekwisha kuyaonja.

Dada yangu alijifungua mwezi wa Novemba mwaka uliopita, mtoto wa kiume. Mumewe anafanya kazi mbali, kwa hiyo alikuja kukaa kwetu Kigezi mpaka apate nguvu. Alikuja na paketi mbili za zile nepi za kutumia mara moja na kutupa, ambazo watu huziita zote pampasi, ingawa hilo ni jina la bidhaa ya kampuni moja tu. Paketi zile hazikumaliza wiki mbili. Jioni moja tukafanya hesabu. Mtoto mchanga hubadilishwa mara kumi kwa siku au hata zaidi, na akikua kidogo zinapungua. Tukichukua tano tu kwa siku, ni 150 kwa mwezi, na kwa miaka miwili na nusu ni 4,500. Mama alisikiliza hesabu hiyo mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na karo ya mdogo wenu itatoka wapi?" Mdogo wetu wa kike alikuwa amemaliza shule ya msingi, akingojea kuingia kidato cha kwanza, na fedha ya nyumba yetu ni moja, haina ndugu.

Basi ikakatwa shauri kwamba mtoto avae nepi za kitambaa, na kazi ya maji, kufua na kuanika nikapewa mimi, kwa kuwa nilikuwa likizoni. Nyanya alisema, "Wewe ndiwe mjomba mtu, baba. Mikono yako imekuwa ikishika kalamu tu mwaka mzima." Haya niandikayo ndiyo niliyojifunza kwa majuma yale.

Kwanza, kitambaa chenyewe. Watu wa pwani wana neno lao la zamani, winda, na winda nzuri hushonwa kwa pamba. Nguo zilizochanganywa na nailoni au poliesta hazinywi maji. Mkojo huteleza juu yake na kushuka miguuni. Pamba nayo ikiwa mpya hainywi vizuri, maana uzi wake una nta ya asili. Lazima ichemshwe na kufuliwa mara kadhaa kabla haijavaliwa. Kipimo ni rahisi: dondosha tone la maji juu ya kitambaa. Likikaa juu kama shanga, bado. Likizama mara moja, tayari. Marikani ya zamani, ile nguo nyeupe isiyopaushwa iliyopata jina lake kwa sababu ililetwa na meli kutoka Marekani katika karne ya 19, ilifaa sana kwa kazi hii baada ya kufuliwa mara nyingi. Sisi tulinunua nepi 12 za kitambaa cha taulo, na nyingine 12 dada alizikata katika mashuka ya flana yaliyochakaa, kila moja ya mraba, kiasi cha sentimita 65 kila upande. Zile za mashuka zilikauka upesi zaidi kuliko za dukani, na mimi nazipenda zaidi. Ishirini na nne zatosha kama mtu afua kila siku. Wakati wa mvua afadhali ziwe 36.

Kukunja ni pembetatu, na mtoto wa kiume huongezwa unene upande wa mbele. Kuhusu pini, mwenye kufunga aweke vidole vyake kati ya kitambaa na ngozi ya mtoto, ili ikiteleza imchome yeye. Pini ikiwa nzito kuingia, ichomekwe kwanza katika kipande cha sabuni, nayo itapita kwa wepesi. (Pini hii ya kujifunga yenyewe ilibuniwa mwaka 1849 na Walter Hunt wa New York, ambaye husemwa aliuza haki yake kwa dola 400, na faida kubwa ikaliwa na wengine.)

Sasa nije kwenye jambo lililotutisha. Mtoto alipokuwa na juma la tano, ngozi yake ya matakoni iliwaka nyekundu, ikaanza kuchubuka, naye akalia kila alipokojoa. Kila mgeni alikuja na sababu yake. Mmoja alisema ni meno, kwa mtoto wa majuma matano! Mwingine alisema maziwa ya mama yamekuwa makali, neno lililomliza dada yangu usiku kucha. Baba, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema kwamba ikiwa kitambaa kinamwumiza mtoto, basi pampasi zinunuliwe, na karo itafutiwe njia nyingine. Mdogo wangu alikuwa akimenya viazi karibu na mlango. Hakusema kitu, lakini kisu kilisimama.

Kesho yake tulimpeleka mtoto kwa mkunga wa kituo cha afya. Mkunga hakutazama nepi kwanza, bali kile kilichokuwa juu yake, yaani chupi ya plastiki iliyouzwa pamoja na zile nepi za dukani ili nguo za mbebaji zisilowe. Mtoto alikuwa akiivaa usiku na mchana. Akasema, "Ivueni hii, mumwache wazi kila mnapoweza, mbadilishe mara moja anapolowa, mumpake mafuta mazito ya kuzuia maji. Mrudi baada ya siku tano."

Ili wasomaji waelewe kwa nini alisema hivyo, yafaa nieleze kemia kidogo. Mkojo mbichi wa mtoto mwenye afya hauna harufu kali. Ndani yake mna kitu kiitwacho yurea. Bakteria watokao katika kinyesi wana kimeng'enya kinachoivunja yurea na kutoa amonia, ile harufu inayochoma pua ukifunua ndoo ya nepi za usiku. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, nayo ni kinga yake. Amonia huiondoa asidi ile, na hapo vimeng'enya vya kinyesi, ambavyo kazi yake tumboni ni kuyeyusha chakula, hupata nguvu na kuanza kuishambulia ngozi. Plastiki huzuia hewa, huongeza joto na unyevu, na ngozi iliyolowa huchubuka kwa kusuguliwa tu. Kwa hiyo adui si kitambaa, bali ni muda. Nepi ya kitambaa husema kweli: ikilowa, kila mtu ajua. Ukiifunika kwa plastiki umeifunga mdomo.

Mkunga alitufundisha pia kutambua wekundu wa namna nyingine, unaotokana na kuvu. Huo huingia hata kwenye mikunjo ya mapaja, huzungukwa na vipele vidogo vyekundu, na mara nyingine mtoto huwa na utando mweupe mdomoni. Mafuta ya kawaida hayauponyi. Wahitaji dawa ya kliniki. Wa mtoto wetu haukuwa huo. Siku ya nne ngozi ilikuwa imefunga, na siku ya tano dada alirudi kwa mkunga akitabasamu. Suala la karo halikutajwa tena mezani.

Kufua ndiko kwenye kazi. Kinyesi hukwanguliwa na kutupwa chooni kwanza. Nalisema hili kwa nguvu, kwa sababu watu wengi huamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga ni safi, wakamwaga maji yake uani au kufulia penye chemchemi. Si safi. Chaweza kuchukua vijidudu vya kuhara kama cha mtu mzima, na wanaokunywa maji ya chini ya kilima ni jirani zetu. Maji ya kufulia yamwagwe chooni, au mbali na kisima, na mfuaji anawe mikono kwa sabuni. Ndoo ya kulowekea iwe na kifuniko na iwekwe juu, kwa kuwa mtoto atambaaye aweza kuangukia ndani na kufa maji, hata yakiwa machache.

Maji ya kwanza yawe baridi. Ukianza na maji ya moto, protini iliyomo katika uchafu huganda ndani ya uzi na doa haliondoki. Baada ya hapo maji ya moto na sabuni ya mche, na kusugua. Sisi tulizichemsha mara moja kwa juma; mtoto akiharisha, zichemshwe kila zinapofuliwa. Kisha kusuuza, na hapa ndipo wavivu hujulikana. Sabuni iliyobaki katika kitambaa huchoma ngozi, nayo hukifanya kisinywe maji. Suuza mpaka maji yawe meupe na vidole visiteleze. Maji ya mvua yanasuuza vizuri kuliko maji yenye chokaa, ambayo hushikana na sabuni na kufanya utando. Sitaficha kwamba kazi hii ilikula madumu matatu ya lita 20 kila siku, na aliyewahi kuona vilima vya Kigezi anajua dumu la maji lina uzito gani likipanda kilima. Vijana wa jirani waliniita "mama mdogo" kwa majuma mawili, kisha wakachoka.

Jua ni dawa ya bure. Hupausha madoa na kuua vijidudu vingi. Lakini Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na asubuhi nyingi ukungu hukaa mabondeni, hivyo nilianika saa nne, si mapema. Wasomaji wanaotoka nchi za chini zenye joto wana adui mwingine, yule nzi wa maembe. Huyu hutaga mayai katika mchanga wa kivulini na katika nguo mbichi zilizoanikwa penye kivuli, hasa zenye harufu ya mkojo au jasho. Mayai huanguliwa kwa siku moja mpaka tatu, na funza mdogo huingia katika ngozi ya avaaye na kufanya jipu. Fikirini hilo katika matako ya mtoto! Kwa hiyo anikeni juani penyewe, wala si juu ya majani au mchanga, na pigeni pasi ya moto kila nepi, pande zote mbili, hasa kwenye pindo. Pasi ya mkaa yafaa kabisa. Joto lake huua mayai na funza.

Haitakuwa haki nikizitukana pampasi. Akina mama wenyewe ndio waliohangaika na chupi za mpira zilizounguza watoto wao. Marion Donovan wa Marekani alikata pazia la bafu mwaka 1946 ili kutengeneza kifuniko bora cha nepi, na mwaka 1947 Valerie Hunter Gordon wa Uingereza alishona kifuniko kwa nailoni ya parachuti, ndani yake akaweka pedi ya kutupa. Pampasi zenyewe zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1961. Katika safari ya basi kutoka Kabale hadi Kampala, zaidi ya kilomita 400, mimi mwenyewe ningemvika mtoto pampasi bila kusita, na ndivyo dada alivyofanya alipoondoka.

Wako wasemao kitambaa hakina madhara yoyote kwa mazingira. Hilo nalo lipimwe. Idara ya Mazingira ya Uingereza ilichapisha mwaka 2008 hesabu ya hewa ya ukaa inayotokana na mtoto mmoja kwa miaka miwili na nusu. Kwa nepi za kutupa ilikuwa kilo 550 hivi, na kwa za kitambaa, wastani wake, kilo 570. Tofauti ilikuwa katika kufua. Aliyezianika kamba, akajaza mashine barabara, na kuzitumia tena kwa mtoto wa pili, alipunguza kama kilo 200. Aliyezikausha kwa mashine alizidisha. Huku kwetu hakuna mashine, bali kuna kuni, na kuni za kuchemshia maji kila siku ni miti. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaochemsha nepi kila siku hata mtoto akiwa mzima. Kwa upande mwingine, pampasi zikitupwa katika choo cha shimo hazioi, hulijaza shimo kabla ya wakati wake, na zikitupwa mtaroni mbwa huzitawanya.

Jambo moja la mwisho ambalo nyanya alinionyesha. Wengine humfunga mtoto miguu imenyooka na kubanwa pamoja ili, wasemavyo, isipinde. Si vizuri kwa viungo vya nyonga. Nepi nene hutenganisha mapaja kidogo, na kubebwa mgongoni katika engozi, mapaja yakiwa yamefunguka, huzisaidia nyonga kukaa mahali pake.

Dada yangu amekwisha kurudi kwa mumewe na nepi 21. Mdogo wetu yuko kidato cha kwanza, naye ameniandikia barua kulalamika kuhusu hesabu. Nepi tatu zilizochakaa zilibaki nyumbani: mbili zinapangusia taa na meza, na ya tatu ninayo bwenini, nang'arishia viatu.