MAFUTA YA SAMAKI NA KINGA YA WATOTO WA NGURUWE

Ukitoka Westlands kwa barabara ya Waiyaki na kuipita Kangemi, hukawii kufika Kabete, mahali ambapo maradhi ya wanyama yamechunguzwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Huko ndiko alikofanya kazi Bwana R. Eustace Montgomery, ambaye mwaka 1921 alieleza habari za homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ambao hadi leo hauna dawa. Basi si ajabu kwamba wafugaji wa nguruwe hutafuta kila njia ya kuwapa watoto wa nguruwe afya imara. Wengine wamesikia sifa za mafuta ya samaki. Na tuzipime sifa hizo.

Kwanza yafaa kujua jinsi kinga ipatikanavyo. Mtoto wa binadamu hupokea sehemu ya kinga ya mama yake tangu tumboni. Mtoto wa nguruwe sivyo. Kondo la nyuma la nguruwe haliruhusu kinga hiyo kupita. Kwa hiyo huzaliwa bila silaha. Silaha zake za kwanza zimo katika dang'a, yaani maziwa mazito ya mwanzo, na matumbo yake huweza kuzipokea kwa muda wa siku moja hivi tu.

Mafuta ya samaki hufanya kazi nyingine. Ndani yake mna asidi za mafuta ziitwazo omega-3. Nguruwe jike akilishwa mafuta hayo katika majuma ya mwisho ya mimba na wakati wa kunyonyesha, asidi hizo huingia katika maziwa na kuwafikia watoto. Humo mwilini hupunguza ukali wa homa na uvimbe utokeao mwili unapopigana na vijidudu. Vita hivyo vikizidi kiasi, nguvu ambazo zingemkuza mtoto hupotea, hasa anapoachishwa kunyonya. Hata hivyo, si majaribio yote yaliyoonyesha kwamba watoto hao hukua upesi zaidi.

Mwenye kutaka kuyatumia na akumbuke mambo haya. Kipimo na kiwe kidogo, kwa shauri la daktari wa mifugo. Mafuta yawekwe penye baridi, mbali na jua, kwa kuwa yaliyochacha huharibu vitamini E mwilini. Nguruwe wa kuchinjwa wasipewe siku za mwisho, nyama isije ikanuka samaki.

Zaidi ya yote, mafuta hayazuii homa ya nguruwe. Kinachoizuia ni boma lililofungwa, usafi, na kutowalisha mabaki ya nyama ya nguruwe. Wala hayachukui nafasi ya dang'a. Usiku wa kuzaa, mfugaji na akeshe bandani, ahakikishe kila mtoto, hata aliye dhaifu, amepata chuchu. Kazi hiyo haina gharama, nayo huokoa wengi.