Mama Elizabeth Cotten na Gitaa Lake

Wimbo wa kienyeji hauna sanduku la kuwekwa ila vinywa vya watu. Mama humwimbia mwanawe, na mwana akikua huwaimbia wanawe. Ukiachwa kuimbwa kwa muda wa kizazi kimoja, wimbo huo hufa, wala hapana awezaye kuufufua. Habari za Elizabeth Cotten wa Marekani zaonyesha jinsi nyimbo zilivyokaribia kupotea, na jinsi watoto na wazee wa nyumba moja walivyoziokoa.

Elizabeth alikuwa mtu mweusi, naye alizaliwa mwaka 1893 karibu na mji wa Chapel Hill, katika jimbo la North Carolina. Kaka yake alikuwa na banjo, ala ya nyuzi iliyowambwa ngozi kama ngoma. Kaka alipokwenda kazini, Elizabeth aliichukua kwa siri akajifunza kuipiga. Lakini yeye alitumia mkono wa kushoto, na ile ala ilikuwa ya watu wa mkono wa kulia. Basi hakuzibadili nyuzi, bali aliigeuza ala yenyewe juu chini. Kidole gumba kikapiga sauti nyembamba, na vidole vingine sauti nene, kinyume cha desturi.

Aliacha shule angali mtoto, akaenda kufanya kazi katika nyumba za watu. Mshahara wake ulikuwa mdogo sana, walakini aliweka akiba senti kwa senti, hata akanunua gitaa kwa dola 3 na senti 75. Karibu na kwao palipita njia ya reli. Naye, alipokuwa na umri wa miaka kama 11 au 12, alitunga wimbo juu ya gari la moshi la mizigo, uitwao Freight Train.

Baadaye aliolewa, akazaa binti. Wazee wa kanisa lake walimshauri aache nyimbo za dunia, na kazi za nyumbani nazo zilikuwa nyingi. Akaliweka gitaa kando miaka mingi.

Hata katika miaka ya 1940, Elizabeth alikuwa akiuza wanasesere katika duka kubwa mjini Washington. Siku moja akaona mtoto mwanamke amepotea kati ya wanunuzi, akamshika mkono, akamrudisha kwa mamaye. Mtoto huyo aliitwa Peggy, na mama yake ni Ruth Crawford Seeger. Punde si punde Elizabeth akaajiriwa katika nyumba yao, kupika na kupiga pasi.

Nyumba ile haikuwa kama nyumba nyingine. Bibi Ruth alikuwa mtunzi hodari wa muziki. Katika Maktaba ya Bunge la Marekani zilikuwako santuri zilizonasa sauti za wakulima, wafungwa na wazee wa vijijini. Ruth alizisikiliza tena na tena, akaandika kila sauti kwa alama za muziki. Mwaka 1948 alitoa kitabu cha nyimbo za kienyeji kwa ajili ya watoto, wazazi na walimu. Nyimbo nyingine katika kitabu hicho zina nafasi ya kutia jina la mtoto aliyepo, au rangi ya nguo aliyovaa, ili kila mtoto aone kuwa wimbo ni wake.

Ukutani mwa nyumba hiyo lilitundikwa gitaa. Siku moja watoto walisikia likipigwa, wakamkuta mtumishi wao. Vidole vyake havikusahau. Watoto wakamwomba awafundishe, naye akawafundisha. Mike, kaka yake Peggy, alinasa nyimbo zake, na santuri yake ya kwanza ikatoka mwaka 1958, Elizabeth akiwa na umri wa miaka 65.

Hata hivyo, wimbo wa gari la moshi ulikuwa umekwisha kufika Uingereza, na watu wengine wakauandikisha kwa majina yao. Baada ya madai, jina la Elizabeth lilirudishwa. Maana wimbo ambao mtunzi wake hajulikani ni wa wote. Bali mtunzi akijulikana, ni haki apewe heshima yake.

Uzeeni Elizabeth alitunga wimbo mwingine pamoja na vitukuu vyake. Kila mtoto alitoa ubeti wake, na kitukuu mmoja akauimba katika santuri. Mwaka 1985, akiwa amepita miaka 90, alipewa tuzo ya Grammy, ambayo ni tuzo kubwa ya muziki katika Marekani. Alifariki mwaka 1987.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Elizabeth alikuwa na akiba ya nyimbo, lakini isingemfaa mtu kama watoto wasingemwomba aifungue. Katika nyumba nyingi yuko bibi, shangazi au jirani mwenye akiba kama hiyo, naye anangoja kuulizwa.

MASWALI
1. Kwa nini Elizabeth aliishika banjo juu chini?
2. Mambo gani mawili yalimfanya aache gitaa lake?
3. Bibi Ruth alifanya kazi gani ili nyimbo zisipotee?
4. Mwombe mzee wa nyumbani kwenu akufundishe wimbo mmoja wa zamani. Uandike, pamoja na jina la aliyekufundisha.